Ukungu na Ndevu za Muhogo

Nimekabidhi funguo za labo, maabara ya hospitali yetu, nimerudisha koti jeupe lililokwisha kugeuka rangi ya chai, na sasa niko nyumbani hapa Kasongo nikigombana na kuku. Siku ya kuniaga mliniomba niseme neno, nikakataa, mkadhani ni machozi. Hayakuwa machozi. Nilikuwa na maneno mengi mno, na soda zilikuwa zinapata moto. Kwa hiyo nayaandika hapa, myasome ninyi vijana mliobaki na hadubini yangu, wakati mnasubiri umeme urudi. Vyeo sitavizungumzia. Vilikuja kwa barua na havikuniletea hata kiti cha kuegemea.

Niliingia labo nikiwa msichana aliyetoka shule ya masista, mtoto wa wakulima, Kizimba, lugha ya kwetu, bado kizito ulimini mwangu. Aliyenipokea ni Papa Salumu, mkuu wa labo, mtu wa mjini, Mwislamu ambaye kofia yake ilikuwa safi kuliko vyombo vyetu vyote. Nilikuwa nimevaa viatu vipya kwa ajili ya siku hiyo, naye hakuvitazama. Alichukua kioo, akadondosha tone moja, akakiweka chini ya hadubini na kuniambia niseme ninachokiona. Nikaangalia kwa bidii ya mtu anayetaka kazi. Nikasema naona yai la mnyoo. Akaniashiria niendelee kutazama. Nikaona anadai zaidi, nikaongeza kwamba kuna kitu kinatembea.

"Hii ni maji niliyochemsha na kuchuja mimi mwenyewe," alisema. "Haiko kitu. Mutoto wangu, mutu wa labo anaanza kazi siku anaweza kusema haiko kitu."

Nilikasirika sana. Wiki ile yote alinipa maji, akanichanganyia na tone la kweli hapa na pale, mpaka nikaweza kusema "haiko kitu" bila kuona haya na "iko" bila kupandisha sauti. Ndiyo shule yangu. Mengine niliyojifunza baadaye, ya rangi na mashine, yalikuja juu ya hilo.

Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa malaria, minyoo na makohozi. Makohozi tulipaka kwenye kioo, tukayachoma kwa moto mdogo, tukayatia rangi na kutafuta vijiti vyekundu vya kifua kikuu, ambacho watu wetu hukiita tebe. Wengi walikuwa nacho. Lakini walikuwapo wengine tuliowaita wa kurudi. Makohozi yao yalikuwa hayana kitu, ila picha ya kifua ilionyesha madoa na mtu alikuwa anakonda. Daktari angefanya nini? Aliwaandikia dawa za tebe, maana kumwacha mwenye tebe bila dawa ni kumzika. Walimaliza dawa, wakarudi vilevile, wakikohoa. Nilikuwa nasoma vioo vyao, nasema haiko kitu, kisha nabaki na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Kusema si tebe ni nusu ya jibu, na mgonjwa hawezi kwenda nyumbani na nusu.

Mmoja wa hao wa kurudi alikuwa Feza. Alikuja kwa pikipiki kutoka kijiji kimoja upande wa Lusangi, kule kwenye teritwari, yaani wilaya, ya Kabambare, ambako barabara ni jina tu. Alikuwa mwanamke mdogo bado, mkulima, Mubangubangu kwa kabila, mwenye pumu tangu utoto. Alikuwa amekunywa dawa za tebe mara mbili. Nilipomwita aingie kutolewa damu, aliweka chini kifurushi chake na sahani ya bati ikalia. Ukingoni ilikuwa na alama ya rangi nyekundu.

"Mbona unatembea na sahani?" nilimuuliza.

"Ni yangu, mama. Mama mukwe aliitia alama. Nakula pekee yangu, nalala mu jiko, na mutoto wangu analala kwake. Anasema nikipona hii mara ya tatu, atanirudishia mutoto. Nisipopona, wataniita mutu wa tebe mpaka kufa."

Alisema bila kulia. Alitoa kitambaa akanionyesha alichokuwa amekikohoa asubuhi: kipande kigumu cha rangi ya kahawia, kimekaa umbo la bomba dogo. Nilikuwa nimeona makohozi ya kila aina maishani mwangu, hata wakati wa chakula cha mchana hayanisumbui, lakini kipande kile kilinifanya nisimame.

Daktari wetu wakati huo alikuwa Dokta Trezo, kijana wa magharibi ya nchi yetu aliyekuja na Lingala nyingi na Kiswahili cha kuomba maji. Tulimcheka, naye alicheka zaidi yetu, ndiyo maana alijifunza haraka. Alikitazama kile kipande, akasikiliza kifua cha Feza, akalinganisha picha ya sasa na ya zamani. Madoa yalikuwa yamehama. Tebe, aliniambia, haihamihami namna hiyo. Akanieleza ugonjwa mwingine. Kuna kuvu ndogo inayoishi kila mahali penye kitu kinachooza, mbegu zake huruka hewani na sisi sote tunazivuta. Kwa wengi hakuna neno. Lakini kwa baadhi ya wenye pumu, mbegu zinakaa kwenye njia za pumzi, na mwili unazipiga vita kupita kiasi, unajaza makohozi mazito, unajiumiza wenyewe. Vita hivyo vikiachwa, njia za pumzi zinapanuka na kuharibika, na hazirudi tena.

"Mama," aliniambia, "iko dawa ya kutuliza hiyo vita. Kama ni kuvu, itamusaidia sana. Kama ni tebe na ninamupa hii dawa, tebe itawaka, atakufa. Siwezi kucheza na roho ya mutu. Nataka damu yake iseme."

Hapo ndipo nilipoamua kwamba itasema. Sikuwa najua kwa njia gani. Tulihesabu chembe nyeupe na kukuta tele zile zinazovaa rangi ya chungwa, ambazo huongezeka mtu akiwa na mzio. Lakini kwetu huongezeka pia kwa minyoo, na minyoo hapa kila mtu anayo, hata mimi, hata ninyi mnaosoma mkijiona safi. Tulichohitaji ni kingamwili zenyewe, zile ambazo damu hutengeneza dhidi ya kuvu hiyo na si dhidi ya kitu kingine. Dokta Trezo alimwandikia mwalimu wake wa zamani katika mji mkuu. Baada ya kusubiri sana, likaja boksi dogo lenye barafu iliyokwisha kuwa maji: unga wa kuvu ndani ya vichupa, na damu kidogo ya mgonjwa wa mbali ambaye ugonjwa wake ulikuwa umehakikishwa. Mama aliyetunza friji ya chanjo alitukataza kabisa kuviweka humo. Nilikaa mlangoni pake mpaka akachoka kuniruka.

Njia yenyewe ni ya kizamani, nanyi msiicheke. Unapika jeli safi, unaimimina nyembamba juu ya kioo, unaiacha igande. Unatoboa tundu katikati na mengine kuizunguka. Katikati unaweka ule unga wa kuvu ulioyeyushwa majini, pembeni unaweka damu iliyotengwa, ile sehemu yake ya njano. Vyote vinatambaa polepole ndani ya jeli. Kama damu ina kingamwili za kuvu hiyo, mahali zinapokutana panatokea mstari mweupe. Kama hazimo, jeli inabaki jeli.

Chombo cha kutoboa hatukuwa nacho. Papa Salumu alikuwa amestaafu zamani, lakini alikuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi letu na kukosoa, jambo ambalo lilinichosha wakati ule na ambalo sasa naliona ni la busara kabisa. Alisikiliza shida yetu, akaenda zake, akarudi na antena ya redio yake. Alikata kipande kimoja, akakinoa kwenye jiwe, akatoboa jeli tundu la duara safi ambalo kiwanda kingejivunia.

"Na habari utasikiliza wapi, Papa?" nilimuuliza.

"Habari gani? Ni zilezile tu."

Tundu moja nililijaza damu ya yule mgonjwa wa mbali, jingine ya Feza, jingine yangu mwenyewe. Tukaifungia jeli ndani ya bakuli la plastiki lenye pamba mbichi ili isikauke. Siku chache baadaye nilifungua, nikaishika mbele ya taa. Mstari ulikuwa umetokea mbele ya damu ya Feza. Si mmoja, kundi zima. Nikapiga kelele, Dokta Trezo akaja mbio na kalamu mkononi, tayari kuandika dawa.

Papa Salumu hakuinuka kwenye benchi. Alitaka aletewe barua iliyokuja na boksi, akaisoma akifuata kwa kidole. Mwalimu wa mji mkuu alikuwa ameandika kwamba mwili wenye uvimbe wowote, hata wa tebe, unaweza kuchora mistari ya uongo kwenye jeli hiyo, na kwamba maji ya sitrati huifuta.

"Osha kwanza," alisema. "Ikibaki, shangilia."

Sitrati tulikuwa nayo, ileile tunayochanganya na damu isigande. Nilimimina. Ningependa kuwaambia nilikuwa mtulivu, lakini nilikuwa naomba kwa sauti. Mstari mmoja ukafifia, ukaisha. Wa pili ukaisha. Nikamwona Feza akilini mwangu akirudi nyumbani na sahani yake. Tuliendelea kuosha. Mistari miwili ilikataa kutoka, na mmoja wao ulijikunja ukaungana na mstari wa yule mgonjwa wa mbali, ukawa upinde mmoja. Maana yake damu zote mbili zilikuwa zinakijua kitu kilekile. Mbele ya damu yangu mimi hapakuwa na kitu.

"Iko," nilisema. Sikupandisha sauti.

Hata hivyo mstari peke yake si ugonjwa, na hilo mlikumbuke. Dokta Trezo aliuweka pamoja na pumu, madoa yanayohama, vile vipande vya kahawia na makohozi yasiyo na tebe hata kwenye mashine mpya ya kupima makohozi. Alimpa Feza dawa ya minyoo kwanza, kwa sababu dawa ya kutuliza vita huwapa minyoo uhuru mbaya. Kisha akaanza. Damu nyingine tuliituma mji mkuu, wakapime zile kingamwili za mzio ambazo jeli yetu haikuweza kuzionyesha, na jibu lilikuja kwa simu kwamba zimepanda sana. Wakati huo Feza alikuwa tayari analala chali, jambo ambalo alikuwa amesahau jinsi linavyokuwa.

Siku ya kuondoka, daktari alitaka kumweleza asikaribie kinachomletea ugonjwa. Alituuliza kuvu ya chakula huitwaje kwa Kiswahili cha hapa. Wote tukasema ukungu, na ni kweli, ndivyo tunavyosema hapa mjini. Kwa hiyo alimwambia Feza polepole, kila neno mahali pake: "Ukungu umeingia mu mapafu yako. Ukimbie ukungu." Feza akaitikia, akashukuru, akapanda pikipiki.

Mvua zilipokaribia kwisha, mwendesha pikipiki wa njia ya Kabambare alinipa habari kwamba Feza amelala tena, anakohoa vibaya, na kwamba mama mkwe wake sasa anasema maneno ya hospitali ni ya uongo. Wanataka kumpeleka mtoto kwa shangazi yake mbali, Feza asimwone kabisa. Nilimwambia Dokta Trezo nakwenda. Aliniangalia magoti. Nikamwambia magoti hayaendeshi pikipiki, yanakaa tu. Nilitia sindano na vichupa kwenye mfuko, pamoja na ile jeli ya Feza, ambayo nilikuwa nimeikausha kwenye kioo na kuitia rangi ya buluu ili isipotee.

Barabara ile sitaieleza. Nilishuka nikiwa na matope mpaka mdomoni, asubuhi, mawingu meupe bado yamelala juu ya mashamba. Mama mkwe alinipokea uani. Aliitwa Mama Mwavita, mjane mwembamba mwenye mikono mikubwa, na mjukuu wake, mtoto wa Feza, msichana mdogo, alikuwa amemshika kanga. Alinikaribisha kwa adabu, akanipa kiti, na hakutabasamu.

"Feza iko wapi?" niliuliza.

"Mu jiko. Anajifungia. Ndivyo mulimuambia."

Mlango wa jiko ulikuwa umezibwa kwa nguo kuukuu, chini na pembeni, na kidirisha kimejazwa majani. Nilisukuma. Ndani kulikuwa na joto na harufu nzito ya kitu kilichooza. Feza alikuwa amekaa chini kati ya marundo ya muhogo uliofunikwa uchachuke, vipande vikiwa vimeota manyoya ya kijani na meusi. Alikuwa na kisu. Alikuwa anakwangua. Kila akikwangua, vumbi la kijani lilipanda usoni mwake.

"Feza! Si tulikuambia ukimbie ukungu?"

"Naukimbia, mama!" alisema kwa pumzi fupifupi, akionyesha mlango. "Tangu nilirudi sijatoka nje asubuhi hata siku moja. Nazibaga mulango mpaka ukungu uishe mu mashamba. Nafanyaga kazi humu ndani tu."

Nilisimama nikaangalia nje, kule kwenye mawingu meupe juu ya mashamba. Nikaangalia kisu. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikachukua kipande cha muhogo.

"Na hii munaiita nini?"

"Hiyo?" Feza alishangaa kwamba mtu mzima haijui. "Hiyo ni ndevu. Ndevu za muhogo."

Nilimshika mkono nikamtoa nje, kwenye ukungu wa asubuhi ambao haujawahi kumdhuru mtu, akaniangalia kana kwamba namuua. Nikaeleza mbele ya Mama Mwavita. Ugonjwa si ukungu wa mashambani. Ni ndevu. Zile ndevu za muhogo zinaruka, zinaingia kifuani, na mwili wa Feza unazichukia kuliko miili mingine. Nikatoa kioo, nikaonyesha mstari wa buluu. Huku ni ndevu, huku ni damu ya Feza, na hapa katikati ndipo wamegombana.

Mama Mwavita alikishika kioo muda mrefu. Halafu akauliza swali ambalo ningetaka kila mwanafunzi wa labo aniulize.

"Mimi nimekwangua ndevu tangu sijaota maziwa. Mama yangu pia. Mbona mimi sikohoi? Kama ni ndevu, ningekufa zamani. Kwa hiyo ni tebe, na wewe unamufichia."

Ningeweza kumjibu kwa maneno. Lakini maneno ndiyo yaliyokuwa yametuponza. Nikafungua mfuko.

"Mama Mwavita, nipe mukono wako. Nitaweka damu yako na ya Feza ku jeli moja. Uje mwenyewe Kasongo uangalie. Usiniamini mimi."

Feza alifunika mdomo. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwambia Mama Mwavita atoe mkono. Alinitazama, akakunja kanga mpaka kiwikoni, na mshipa wake ulikuwa mzuri sana, hata mwanagenzi angeupata. Kabla sijaondoka alinipa neno lake kwamba mtoto hatapelekwa popote mpaka yeye aone. Nilimrudisha Feza Kasongo siku ileile, na dawa ikaanza upya.

Mama Mwavita alifika siku ya soko akiwa na mjukuu wake mgongoni. Nilikuwa nimeshaiosha jeli kwa sitrati, kwa adabu, bila kukumbushwa. Nilimpa aishike mwenyewe mbele ya taa. Papa Salumu alisogea kwenye benchi lake ampishe nafasi, naye si mtu wa kusogea. Feza alisimama mlangoni, sahani yake kwenye kifurushi, akitazama mgongo wa mama mkwe wake.

"Hii ni ya Feza," nilisema.

"Mistari naiona. Na hii?"

"Ni yako."

Aligeuza kioo, akakisogeza karibu, akakisogeza mbali. Alikodoa macho kama mimi siku yangu ya kwanza. Nilimwona anatafuta, anataka kukuta kitu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa jinsi Papa Salumu alivyokuwa ananitazama.

"Yangu haiko kitu," alisema mwishowe.

Akarudisha kioo mkononi mwangu. Akafungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni, akamkabidhi Feza. Kisha akainama kwenye kifurushi, akachomoa ile sahani yenye alama nyekundu, akaitia kwapani.

"Hii nitanyweshea kuku," alisema. "Na ndevu, kuanzia leo, nitakwangua mimi."